Mwiko wa Kampeni

Hotuba kwa vijana na wazee, Mombasa

Assalaam aleykum, na kwenu nyote, hamjambo.

Naomba kwanza huu mwiko upitishwe, uanzie safu ya mbele. Ni mwiko wa kawaida wa mbao, wa kupakulia wali, ila ncha yake imeliwa. Aliyeitafuna ni mbwa wa Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza, mwezi wa Juni mwaka 2024. Nitawaeleza ilikuwaje.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie "mafunzo ya demokrasia kutoka Uingereza". Nilicheka, kisha nikajibu kwamba mafunzo sina. Nina mwiko, nina jozi mbili za viatu zilizokwisha soli, na nina wiki sita za kubisha hodi kwenye milango ya watu nisiowajua. Mwenyekiti akanijibu: njoo navyo hivyo hivyo. Basi lawama ni zake.

Nilifika Sheffield Septemba 2023 kusomea shahada ya uzamili ya mipango miji. Jumatano tarehe 22 Mei mwaka uliofuata nilikuwa maktaba nikipigana na tasnifu, mara simu za wenzangu zikaanza kulia kwa mfululizo. Waziri Mkuu, Rishi Sunak, alikuwa amesimama nje ya nyumba nambari 10, Downing Street, mvua inamnyeshea mpaka suti imemganda mabegani, anatangaza uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Julai. Huko langoni mtu amefungulia muziki mkubwa, maneno ya kiongozi wa nchi yanashindana na spika. Mimi mtoto wa Likoni swali langu lilikuwa moja tu: huyu hana mtu wa kumshikia mwavuli? Kwetu hata mwakilishi wadi anaye.

Lililonishangaza zaidi nililijua siku ya pili. Nilikuwa mpiga kura. Sheria yao inampa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, akiwa anaishi kule kihalali na ametimiza miaka 18, haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu. Mkenya, Mtanzania, Mganda, na Mnyarwanda pia, tangu nchi yake ijiunge mwaka 2009. Nyumba niliyopanga nilikaa na dada mmoja Mfaransa. Mwaka wake wa tisa Uingereza, analipa kodi, Jumamosi anakwenda uwanjani kuishangilia timu ya mji, na kura hana. Mimi nina miezi minane, hata jiko la umeme sijaelewana nalo, nina kura. Rafiki yetu mmoja wa Bukavu naye hakuwa nayo, maana Kongo haimo katika Jumuiya. Alikuwa akinitania: "Ninyi wakoloni wenu wamewapa kura. Wetu sisi hata samahani wanaitoa nusu."

Nikampigia mamangu kumpa habari. Alinyamaza kidogo, kisha akanikumbusha babu. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, na huku Pwani akapita Ronald Ngala, kura haikuwa ya kila mtu. Mtu alipimwa elimu yake, kipato chake, mali yake. Aliyetimiza masharti mengi aliweza kupata kura hadi tatu. Asiyetimiza hata moja alibaki kutazama, na babu, hamali wa bandarini, alitazama. Sasa ufalme ule ule uliompima babu ukamwona hatoshi, umenikubali mimi kwa dakika chache za kujaza fomu kwenye intaneti. Mama akasema, "Ipige hiyo kura. Upige na ya babu yako."

Hapo ndipo nilipoona kura moja hainitoshi, nikaenda kujitolea.

Swali la chama gani naliona machoni mwenu. Sikitaji. Nikikitaja, kuna watakaoingia mtandaoni sasa hivi kunitafutia makosa, na mwiko wangu utarudi bila kutazamwa. Ofisi ilikuwa ghorofani juu ya duka, inanuka karatasi za zamani na chai iliyosahauliwa. Nilikwenda nikitarajia fulana, kofia na pesa kidogo ya nauli. Nilipewa ramani, vipeperushi mia nne, na huu mwiko.

Aliyenikabidhi ni mama mmoja mzee ambaye hapa nitamwita Bi Mkubwa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Mwaka 1974 Uingereza ilifanya chaguzi kuu mbili ndani ya mwaka mmoja, wa Februari na wa Oktoba, na yeye alizibishia hodi zote mbili akiwa msichana. Akanieleza kwamba mlango wa kule una tundu la barua, mara nyingi liko chini karibu na miguu, lina chuma chenye springi na ndani yake brashi ngumu ya kuzuia baridi. Ukisukuma karatasi kwa vidole, karatasi inakunjamana na springi inakubana. Na nyuma ya tundu huenda kuna mbwa, kimya, anangoja. Kwa hiyo unalaza kipeperushi juu ya mwiko, unausukuma wote ndani, kisha unauchomoa haraka. Ule mlango wa nne sikuuchomoa haraka. Alama mnaiona.

Kiswahili chetu kina mwiko wa jikoni na mwiko wa kukatazwa, na Bi Mkubwa alinipa yote miwili siku moja. Usiingie ndani hata ukikaribishwa. Usibishane. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi. Sisi hodi zetu ni tatu, ya tatu isipoitikiwa unageuka. Kule unabonyeza kengele mara moja, halafu unarudi nyuma hatua mbili, ili mwenye nyumba akifungua asikukute umemsimamia puani.

Mwiko mkubwa kuliko yote niliujua siku ya tatu. Kulikuwa na joto, watoto wanacheza mtaani, nikanunua soda na paketi mbili za biskuti niwagawie huku nikiwasubiri wenzangu. Bi Mkubwa akanishika mkono kama aliyeona nimeshika nyoka. Mgombea, au mtu wake, akimlisha au kumnywesha mtu ili kuvuta kura, ni kosa la jinai chini ya sheria yao ya uchaguzi ya mwaka 1983. Nikamwambia hawa ni watoto, hawana kura. Akasema watoto wana mama. Ile soda tulikunywa wenyewe, kwenye kona, kama wezi.

Nilifikiria sana njiani siku ile. Sisi tuna methali, mkono mtupu haulambwi, na msimu wa kampeni unatuletea leso, unga, na noti iliyokunjwa. Sheria ya kukataza hayo tunayo, ya makosa ya uchaguzi, ya mwaka 2016, nayo imeandikwa vizuri tu. Yule mama lakini aliogopa biskuti. Na fedha za mgombea zimewekewa ukuta: mgombea wa mjini, uchaguzi ule, kikomo chake kilikuwa pauni 11,390 na peni 8 juu yake kwa kila mpiga kura aliyeandikishwa. Eneo bunge la wapiga kura 70,000, hesabu haifiki pauni 17,000, kama shilingi milioni 2.8 za wakati ule. Hapa Mombasa kuna watu wametumia hizo kwa mabango na spika kabla hawajateuliwa. Matangazo ya siasa ya kulipia kwenye televisheni na redio kule hayaruhusiwi kabisa. Ndiyo maana inabaki miguu.

Juni jua lao halitui mpaka karibu saa nne usiku, na watu wakirudi kazini ndipo sisi tunaanza. Sheffield ni mji wa vilima. Nyumba za matofali zimeshikana safu nzima, na kila safu ina ngazi za kupanda mlangoni. Nilikonda. Simu yangu ilikuwa na programu yenye majina ya wapiga kura wa mtaa, nyumba kwa nyumba. Kazi yako mlangoni ni fupi: unajitambulisha, unauliza jambo gani linamsumbua, unauliza kama ameamua atampa nani, unashukuru, unaondoka, na kwenye jina lake unaweka herufi moja. Huyu wetu. Huyu wao. Huyu hajaamua. Huyu amekataa kusema. Nilikuja na hotuba kichwani, nimeipanga vizuri, nikaambiwa niiweke mfukoni. Sikutumwa kumgeuza mtu mawazo. Nilitumwa kumwandika.

Na watu walisema. Watu wa Sheffield humwita kila mtu "mpenzi", basi babu wa miaka themanini anakufungulia na kukuita mpenzi, na wewe usishtuke, ni kama sisi tunavyosema "mwanangu". Mmoja alifungua kinywa akanionyesha pengo: miaka miwili hajapata daktari wa meno wa serikali. Mama mmoja alinishika dakika ishirini juu ya mashimo ya barabarani, akinielekezea moja moja, na mimi nikayaona ni mashimo ya kawaida, ya kuyaheshimu tu, Likoni tungeyaita barabara nzuri. Wengi walisema ninyi wote ni wale wale. Hilo nilikuwa nimelisikia nyumbani tangu utoto na lafudhi nyingine. Kijana mmoja aliniambia nirudi kwetu. Nikamjibu, ndiyo, Desemba, tiketi ninayo. Hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo. Akasimama kidogo, kisha akaufunga mlango polepole kuliko alivyoufungua.

Jumanne tarehe 25 Juni sikutaka kwenda. Mnaikumbuka siku hiyo kuliko mimi, maana wengine mlikuwa barabarani. Tangu mchana wa kule nilikuwa nimeshika simu, naona vijana wa rika langu wanaingia Bungeni Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, naona moshi, nasikia risasi. Binamu yangu alikuwa Nairobi na hapokei simu. Lakini nilikuwa nimemwahidi Bi Mkubwa, nikaenda. Mlango wa pili au wa tatu alifungua baba mmoja, nyuma yake televisheni inaonyesha picha zile zile. Akaniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akageuka akaitazama televisheni, akanitazama mimi na beji yangu ya utepe, akasema, "Na umekuja hapa kunihimiza mimi nipige kura?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anashangaa tu, na mimi pia nilikuwa nashangaa. Sikupata jibu. Nilimshukuru, nikaenda kukaa juu ya ukuta mfupi mwisho wa mtaa, nikalia. Bi Mkubwa alikuja, akanimiminia chai ya chupa, mbaya sana, isiyo na sukari, hakusema neno. Binamu yangu alipiga saa tano ya kule. Alikuwa mzima, simu ilikuwa imeibwa. Nyumba ya yule baba niliiacha bila herufi.

Sasa nifike kwenye lililonileta hapa hasa, maana hayo mengine ni masimulizi.

Baada ya wiki mbili nilianza kuona kwamba programu inaruka nyumba. Unabisha nambari 12, inakupeleka 18, kisha 31. Nikamuuliza Bi Mkubwa, hawa wa katikati ni wa upinzani? Akasema wengine ndiyo, wengi lakini ni watu wasiopiga kura. Ndipo nilipojua jambo ambalo nikiwasimulia wanasheria wa hapa hukunja uso. Baada ya kila uchaguzi kule, vyama vinaweza kupata nakala ya daftari lililotiwa alama, linaloonyesha nani alifika kituoni na nani hakufika. Aliyempigia kura halimo, hiyo ni siri. Kufika kwako ndiko kumo. Vyama vinaliingiza kwenye kompyuta, na mtu ambaye hakufika mara mbili tatu, jina lake linafifia. Muda ni mfupi, miguu ni michache, utabishaje kwa mtu ambaye hatatoka? Hesabu hiyo ina akili. Ila fikirieni upande wa yule wa nyuma ya mlango. Hapigi kura kwa sababu hakuna anayemjia, na hakuna anayemjia kwa sababu hapigi kura. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu yupo, anapika, harufu ya kitunguu inakufikia, na bado hayupo.

Kulikuwa na jengo moja la ghorofa, lifti mbovu, programu ilinipa majina matatu tu humo. Nilipanda mpaka ghorofa ya tano, kwa uchovu nikabisha mlango usio wangu. Kabla haujafunguliwa nikasikia harufu ya iliki. Akatokea bibi mmoja na mtandio wake, akaita ndani kwa mtu azime jiko, na alivyoita nikamwelewa. Alikuwa mtu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Lugha yao, Chimiini, ni ndugu wa Kiswahili chetu, lakini yeye alikuwa na chetu pia, kwa sababu vita vya Somalia viliwatupa hapa Mombasa, wakakaa kambini miaka ya tisini kabla ya kufika Uingereza.

Nikasema, "Shikamoo bibi."

Alikaa kimya muda, akanitazama kuanzia viatuni. "Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Likoni."

"Likoni ya feri?"

"Ndiyo bibi."

"Na hapa Sheffield unauza nini?"

Nilimweleza siuzi, natembeza habari za kura. Ule mwiko wa kutoingia ndani niliuvunja, Mungu anisamehe, maana hakuna namna ya kumkatalia bibi wa Barawa mlangoni kwake. Ni raia wa Uingereza, jina lake limo katika daftari, na hajapiga kura hata siku moja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Hapana mtu aliyekuja kuniuliza." Na mwaka ule alikuwa na sababu mpya. Amesikia lazima uende na kitambulisho chenye picha, na pasipoti yake imekwisha muda.

Hilo la kitambulisho lilikuwa geni kwa wengi. Waingereza walizoea kuingia kituoni, kutaja jina na anwani, na kupewa karatasi. Nilipomwambia mamangu hivyo alidhani namdanganya. Uchaguzi ule wa 2024 ndio uliokuwa mkuu wa kwanza wa kudai picha katika England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini walianza zamani. Orodha ya vitambulisho nayo ina mambo yake. Pasipoti yangu ya Kenya ilikubaliwa, kwa sababu ni ya Jumuiya ya Madola. Pasipoti iliyokwisha muda inakubaliwa, mradi sura ni yako. Kadi ya basi ya wazee inakubaliwa, kadi ya kijana ya kusafiria treni haikubaliwi. Aliyetunga orodha hiyo alikuwa anafikiria kura za nani, mimi simo, pimeni wenyewe.

Nikamwambia bibi, hiyo kadi yako ya basi inatosha. Aliitoa mkobani akaitazama kana kwamba imebadilika. Kisha akauliza swali ambalo wiki zote zile sikuulizwa na mtu mwingine kwa uwazi ule: "Na huyo mtu wenu, akipita, lifti itatengenezwa?"

Sikujua. Nikamwambia sijui. Lifti ni ya halmashauri, mbunge anaweza tu kuandika barua na kusumbua watu. Akasema, "Basi angalau asumbue."

Usiku ule tulibishana na Bi Mkubwa, mara ya kwanza na ya mwisho. Alisema siku zimebaki chache na jengo lile halina kura. Nikasema halina kwa sababu hatuendi. Alivuta sigara mbili. Mwisho akanipa jioni mbili na mtu mmoja wa kuandamana naye, nasi tukabisha milango yote, ghorofa zote, bila programu, tukiandika kwa kalamu. Wengine hawakufungua. Wengine hawakuwa raia wa nchi yenye haki hiyo, hawakuwa na kura. Wengine walidhani tumetoka halmashauri kwa habari za kodi, wakajificha. Sitawapa idadi ya tuliowapata. Ni ndogo, na nilijivunia kuliko tasnifu.

Siku ya kura yenyewe inawashangaza watu wetu kwa upole wake. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, kwenye makanisa, shule, kumbi za mtaa, na hata baa. Siku ni Alhamisi ya kazi, hakuna mapumziko. Wino wa kidoleni hakuna, mashine ya alama za vidole hakuna. Askari nilimwona mmoja siku nzima, alipita kwa baiskeli. Kalamu ni ya risasi, imefungwa kwa uzi. Nilipoishika nilimkumbuka babu, nikaweka alama ya msalaba taratibu, nikakunja. Karatasi ina nambari nyuma, na nambari yako ya daftari inaandikwa kando ya nambari hiyo kwenye orodha inayofungwa kwa lakiri. Kwa hiyo kura yako inaweza kufuatiliwa, ila kwa amri ya mahakama tu, kukiwa na kesi, na baada ya mwaka mmoja makaratasi yanaharibiwa. Mkenya yeyote akisikia hilo atauliza swali la pili na la tatu. Waingereza niliowauliza wengi hawakujua hata kama nambari ipo.

Na tume yao ya uchaguzi haihesabu kura. Kazi hiyo ni ya maofisa wa halmashauri. Niliteuliwa wakala wa kuhesabu, tukaketi ukumbi wa michezo, chini ya nyavu za mpira wa kikapu. Saa nne kamili usiku televisheni zilitoa makadirio yaliyotokana na kuwauliza watu wakitoka vituoni: chama cha Labour viti 410. Asubuhi vilikuwa 411 kati ya 650. Wahafidhina, chama cha Sunak, 121. Wakala haruhusiwi kugusa karatasi, anatazama tu, na karatasi zinakaa uso juu ili nambari za nyuma zisionekane. Alama isiyoeleweka inainuliwa, mawakala wa vyama vyote wanaikusanyikia, ofisa anaamua mbele yao. Tulibishana dakika tano juu ya mtu aliyechora uso unaocheka kwenye kisanduku kimoja. Ilihesabiwa.

Hesabu zao zina dhuluma yake, wala nisiwapambie. Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura na viti zaidi ya asilimia 60. Chama cha Reform kilipata asilimia 14.3 kikaondoka na viti vitano, chama cha Liberal Democrats asilimia 12.2 na viti 72. Waliojitokeza ni kama asilimia 60 tu, chini ya sisi mwaka 2022 ambao tunajilaumu kila siku. Huko Hendon, London, mbunge alipita kwa tofauti ya kura 15. Na kwenye jimbo la Waziri Mkuu mwenyewe alisimama mgombea aliyevaa pipa la taka kichwani, jina lake la siasa Count Binface, akapata kura 308, na wakati matokeo yanasomwa alikuwa jukwaani pamoja na Sunak. Ijumaa hiyo hiyo Sunak akatoka Downing Street, Keir Starmer wa Labour akaingia. Nilikuwa nimelala. Niliamka Jumamosi.

Nimeruka jambo moja la siku ya kura, nirudi kidogo.

Kazi yangu jioni ile ilikuwa kukaa nje ya mlango wa kituo na beji yangu, kuwauliza watu nambari zao za daftari. Nambari zinapelekwa nyumba ya mwanachama mmoja, sebuleni, wanakata majina ya waliokwisha kuja, na vijana wanakimbia kuwabishia ambao hawajaja. Mpiga kura halazimiki kukupa, na wengi wanakupa kwa adabu. Saa tatu na robo usiku, jua ndilo linazama, nikamwona bibi wa Barawa anashuka kilima na majirani wawili, kadi ya basi ameishika mkononi kama tasbihi.

Nikainuka. "Bibi, karibu. Nambari yako tafadhali."

"Ya nini?"

"Tunaandika waliofika."

Aliitazama beji yangu, akaitazama karatasi. "Si ulinambia kura ni siri?"

"Kura ni siri, bibi. Hii ni nambari tu."

"Basi na nambari ni siri." Akapita, majirani nyuma yake, nao hawakunipa zao.

Walikaa ndani muda mrefu. Alipotoka hakusema alimpa nani, nami sikumuuliza, na mpaka leo sijui. Alifungua mkoba akatoa mahamri matatu yaliyofungwa kwenye karatasi ya jikoni, bado yana joto. Nikamwambia, bibi, hapa vyakula na kura haviendi pamoja, tutafungwa. Akasema, "Wanaofungwa ni wanaonunua. Mimi nishapiga. Kula, umekonda."

Nikala mawili pale pale na beji kifuani. Bi Mkubwa alipokuja kunichukua saa nne, nilimpa la tatu. Aliligeuza geuza, akalinusa, akauliza ndani mna nini. Nikamwambia iliki.